Pianola yetu inapiga kwa nguvu sana, tupunguze sauti yake namna gani?

Mama mumoja wa hapa Lubumbashi, upande wa Bel-Air, aliniandikia hivi, nafupisha kidogo: "Fundi, jambo. Bwana yangu alirithi kwa mujomba wake piano ya kusimama, ya zamani, ile inapigaka yenyewe na rulo ya karatasi. Kwa chini kuna motere ya umeme, walifungaka kisha. Muziki ni muzuri lakini sauti ni kali sana, jirani yetu ni bibi wa miaka mingi na ukuta ni mumoja, na mutoto analalaka saa mbili. Iko kibatoni kimeandikwa SOFT, nafinya lakini hakuna kitu kinabadilika. Fundi wa kwanza alisema tulegeze nyuzi, wa pili akaweka kikwembe ndani, ikakwama. Shemeji yangu wa Bruxelles yeye anasema tuuze tu, tununue ya kisasa yenye batoni ya sauti. Tufanye nini?"

Jambo mama. Kwanza kabisa nyuzi muziache, nakuomba, hata leo jioni fundi akirudi na ufunguo wake umuambie asante na umupe chai. Piano iko na nyuzi zaidi ya 200, zote pamoja zinavuta kwa nguvu ya karibu tani 18, ukilegeza sauti haishuki, inaharibika tu, utabakia na piano yenye kulia vibaya kwa makelele ile ile. Na kikwembe nacho utoe, tena polepole, juu ndani mule kuna vitu vidogo vinakamatana na uzi wa kitambaa kama samaki na ndoano.

Alafu fanya kitu kimoja mbele ya kulipa mutu yeyote. Zima motere, keti, piga ile piano kwa mukono yako, tushi moja moja, polepole sana, kama mutoto amelala pembeni. Inaweza kutoa sauti ndogo? Kama ndiyo, piano yenyewe iko muzima, shida iko kwa upande wa hewa. Kama hata kwa kidole chako inalia kali, sauti ya chuma chuma, basi shida iko kwa nyundo, zile zinapiga nyuzi ndani. Haya ni magonjwa mawili mbalimbali na dawa zake mbalimbali, na watu wengi wanapotezaka feza juu hawakufanya hii jaribio ya dakika tano.

Kwa vile ulivyonieleza, miye nafikiri yako ni hewa. Nitakueleza namna inatumika, utanivumilia, juu ukielewa hapa yote ingine inakuwa rahisi.

Pianola ilitokea Marekani, Edwin Votey aliitengeneza Detroit mwaka 1895. Haipigi kwa kusukuma hewa, inapiga kwa kunyonya. Kwa chini kuna mivukuto, kama ile ya mufua chuma lakini ya kuvuta, unakanyaga pedali mbili na inanyonya hewa yote ndani ya mufumo. Karatasi ya rulo inapita juu ya kipande cha shaba chenye matundu 88, tundu ya karatasi ikifika juu ya tundu ya shaba hewa ya inje inaingia, inainua kangozi kadogo, kangozi kanafungua valvu, na kamuvukuto kadogo ka ile nota kananyonywa kanajifunga pwaa! kanasukuma nyundo. Kila nota na kamuvukuto kake. Sasa sikia vizuri: nguvu ya nyundo inatoka kwa nguvu ya kunyonya, basi. Ukinyonya sana, nyundo inapiga sana. Ukinyonya kidogo, inapiga kidogo.

Na rulo ya kawaida, ile watengenezaji walipatana juu yake kule Buffalo mwaka 1908 ili rulo yoyote iingie kwa piano yoyote, inajua nota gani ipigwe na saa gani ipigwe. Haijui kama ipigwe polepole ao kwa nguvu. (Zile za kujua zilikuwako, Welte-Mignon ya Ujerumani ilianza mwaka 1904, lakini ni mashine ingine ya bei ingine, yako ingekuwa ile mungejua, mujomba angejisifu.) Kwa pianola ya kawaida ile kazi ya polepole na nguvu ilikuwa ya mutu mwenye kukanyaga. Miguu yake njo ilikuwa batoni ya sauti. Anakanyaga laini, wimbo unanong'ona, anakanyaga kwa ghafula, nota ile inaruka juu ya zingine, wenye kuzoea walikuwa wanafanya vitu vya ajabu na miguu.

Kisha mutu akaleta motere. Motere haina miguu, mama. Inanyonya kwa kipimo kimoja kutoka mwanzo mpaka mwisho wa rulo, na mwenye kuifunga siku ile aliiweka kwa nguvu nyingi, na hapa njo ugonjwa unaanza, juu ya nini aliiweka kwa nguvu nyingi? Kwa kawaida ni juu piano ilikuwa inavuja. Kwa kunyonya kidogo nota zilikuwa zinakosa, moja inalia ingine inanyamaza, basi akaongeza, akaongeza tena, mpaka hata nota mugonjwa ikalia. Yule mugonjwa analia sawa, lakini wazima sasa wanapiga kelele. Piano yenye kupiga kwa nguvu, mara nyingi ni piano yenye kuvuja.

Na kibatoni chako cha SOFT kinakuambia kitu kile kile. Fungua kifuniko cha juu, mwambie bwana yako afinye kibatoni wakati unaangalia nyundo. Zikiwa zimelala ziko mbali na nyuzi karibu sentimita 4 na nusu. Kibatoni kikiwa kizima, ile reli yenye kubeba nyundo inainuka na kuzisogeza karibu na nyuzi, zinakuwa na njia fupi ya kukimbia, kwa hiyo zinapiga kidogo. Mara nyingi viko vibatoni viwili, kimoja cha nota nene kushoto na kimoja cha nota nyembamba kulia. Kama hakuna kitu kinasogea, angalia pembeni, kuna muvukuto mudogo unaovuta ile reli, na kitambaa chake kitakuwa kimekauka na kupasuka kwenye mikunjo. Ni ugonjwa wa kawaida kabisa, na kurekebisha hiyo moja peke yake kunasaidia sana. Ningeanza pale. Na pedali ya kushoto pia, kwa piano ya kusimama inafanyaka kazi ile ile ya kuinua reli, unaweza kuijaribu leo kwa mguu bila kungoja mutu.

Sasa kuvuja. Weka rulo inje, funika kile kipande cha shaba na skochi ile ya karatasi, ile haishikamane sana, ili matundu yote 88 yazibwe. Motere imezimwa na tiyo yake imezibwa. Kanyaga pedali mpaka usikie zinakuwa nzito, alafu acha na hesabu. Mufumo muzima unashikilia hewa, unahesabu kumi na zaidi mbele ya mivukuto kulegea. Kama mbele ya kufika tano imeshalegea, kuna mahali inavuja, na kama pedali haikuwa nzito hata siku moja, inavuja kila mahali. Hapa kwetu ni ile saison seche, mwezi wa tano mpaka wa tisa, njo inaua hizi vitu. Hewa inakauka, mbao inajikunja, kole inaachia, kitambaa cha mupira kinakuwa kama ganda la karanga, alafu mvua inakuja na mbao inavimba tena. Tiyo ndogo za mupira zenyewe zinagandaka, ukiigusa inavunjika kwa vidole.

Hapa nasema kwa ukali kidogo. Asikuje mutu na silikoni. Asikuje na kole nyeupe ya baseremala, wala ile ya kushika papo hapo. Miye nilifunguaka pianola moja hapa mujini ambayo mivukuto yake ilibandikwa viraka vya tube ya pine ya baiskeli, mwenye kufanya alikuwa na akili ya kweli, namuheshimu, na mwenyewe aliniambia ilipiga vizuri wiki nzima! Lakini kutoa zile viraka nilipasua mbao nne. Kazi hii inafanywaka na kole ya moto, ile ya ngozi na mifupa ya nyama, juu inashika sana na siku fundi mwengine akitaka kufungua anaipasha joto kidogo na maji, inaachia bila kuvunja kitu. Kitambaa ni kile cha pamba chenye mupira ndani, chembamba kwa mivukuto midogo, kizito kwa mikubwa. Kwetu hakiuzwi, kinatoka Ulaya ao Marekani, na hapa shemeji wa Bruxelles anaweza kusaidia kweli kuliko kushauri watu wauze.

Na matundu ya shaba yafyonzwe vumbi. Yafyonzwe, asipulize mutu, ukipuliza vumbi inaenda ndani kwa kangozi na valvu, na nota mbili zilizokuwa zinakosa zinakuwa kumi.

Kisha kuvuja kukipona, sasa njo unashusha nguvu. Si mbele. Ukishusha mbele, nota zitakosa na utarudia kuongeza, utazunguka vile miaka yote.

Namna ya kushusha ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Fundi anakata ile tiyo kubwa inayotoka kwa motere kwenda juu, anaweka kipande chenye tundu la pembeni na kifuniko cha kuteleza. Ukifungua tundu, hewa ya salo inaingia kidogo, kunyonya kunapungua, sauti inashuka. Ukifunga, inapanda. Ni robine tu. Hii njo batoni ya sauti uliyokuwa unatafuta, na haiguse umeme hata kidogo.

Kupima nguvu ya kunyonya hauhitaji mashine ya bei. Tafuta tiyo inayopenya mwangaza, ile ya serumu ya hospitali lakini ndefu, mita mbili ya kuzidi, ikunje kama herufi U ukutani, jaza maji yenye rangi mpaka nusu. Mwisho mumoja unaunganisha kwa tiyo kubwa, mwengine unabakia wazi. Motere ikinyonya, maji inapanda upande mumoja na kushuka upande mwengine, pima tofauti. Kwa piano iliyo kwa hali nzuri, tofauti ya sentimita 15 mpaka 20 inapiga laini na nota zote zinatokea. Karibu 50 ni sauti ya kuimbisha wageni. Ikifika 75 na kupita, ndipo bibi jirani anapoamuka. Lakini angalia, tiyo ikiwa fupi maji itanyonywa mpaka ndani ya mivukuto, na utakuwa umeharibu kwa dakika moja kitu kilichodumu miaka mingi, kwa hiyo ya kwanza uijaribu robine ikiwa wazi kabisa, kisha ufunge polepole.

Kuna mwenye atakuambia afunge variatere ya taa kwa motere ili izunguke polepole. Inategemea motere gani. Kama ni ile yenye makaa (vipande vidogo vya kaboni vinavyosugua ndani), ya kupiga kelele kama aspiratere, variatere yenye nguvu ya kutosha inaweza kuiendesha. Kama ni motere isiyo na makaa, hapana, itapata joto na kuungua. Na usome kibati chake: nyingi zilitengenezwa kwa umeme ya Marekani, volti 115 na herzi 60, na yetu ni 220 na herzi 50, kwa hiyo kunapaswa kuwa na transfo pale mahali, uangalie kama iko na kama haitoe harufu. Transfo haibadilishe herzi, motere isiyo na makaa ya 60 ikipewa 50 inazunguka pole kwa karibu sehemu moja juu ya sita na inapata joto zaidi, njo maana zingine zinanguruma vile. Ngurumo yenyewe nayo ni sauti, watu wanaisahauka, na muziki ukishuka utaanza kuisikia. Motere iwekwe ndani ya kasha lenye matundu ya kupitisha hewa, juu ya mupira, ao hata ihamishwe chumba cha nyuma na tiyo ipite ukutani.

Kama kisha ya kushusha wimbo unaanza kuenda pole, haiko kawaida. Mwendo wa karatasi uko na kidhibiti chake, hakipaswi kufuata sauti. Umuonyeshe fundi.

Nyundo sasa, kwa haraka. Kichwa cha nyundo ni fetri, sufu ya kondoo iliyokandamizwa, na miaka ya kupiga nyuzi inaifanya ngumu na kuichimba mifereji, hapo sauti inakuwa ya chuma. Fundi anayejua anasugua mifereji na kuchoma fetri kwa sindano tatu za pamoja, kwenye mabega ya nyundo, si katikati pale inapogusa uzi. Inalainisha sauti. Lakini akizidisha haiwezi kurudi, kwa hiyo achome nota tatu, usikilize, aendelee. Kama jaribio lako la mukono lilitoa sauti nzuri, usimuruhusu hata kufungua sindano zake.

Yule wa kikwembe alikuwa na wazo nzuri, alikosa kitambaa tu. Kuna kitu kinawekwaka kati ya nyundo na nyuzi: baa ya mbao yenye ukanda wa fetri nyembamba, milimita 2 ao 3, inayoshuka na kupanda kwa kamba ao kwa pedali ya katikati. Ikishuka nyundo zinapiga fetri na sauti inapungua sana, inakuwa ya mbali mbali kama muziki wa chumba kingine. Kwa saa mbili za usiku ni dawa. Wengine hawapendi ile sauti, miye mwenyewe siipendi sana, lakini mutoto hajalalamika bado.

Chumba. Hapa watu wanapotezaka feza ingine, wananunua rido, wananunua ile mousse ya magodoro wanabandika ukutani, wanangoja muujiza. Ili sikio lisikie sauti imepungua nusu, karibu sehemu tisa juu ya kumi ya nguvu yake inapaswa kutoka, rido haiwezi. Sauti ya piano ya kusimama inatoka kwa mugongo, kule kuna ubao mukubwa wa sauti, na yako mugongo wake uko kwa ukuta wa bibi, si ndiyo? Basi mumewekea bibi piano chumbani kwake. Ihamisheni ukuta mwengine, ule wa ndani ya nyumba yenu. Hii peke yake pengine itakupa kuliko yote nilisema juu, na ni ya bure, vijana wanne na chai, tena wasivute kwa miguu ya mbele, inavunjikaka. Iache sentimita kumi kutoka ukuta, ning'iniza blanketi nzito ya sufu kwa mugongo bila kugusa ubao, na chini ya magurudumu uweke vikombe vyenye mupira na tapi nene, juu sima inabebaka nota nene mpaka kwa jirani hata kama dirisha zimefungwa.

Shemeji. Umuambie namuheshimu lakini ile ya kisasa nayo haiko uchawi. Disklavier za Yamaha na wenzake, chini ya kila tushi kuna sumaku ya umeme inayosukuma, na ndiyo, iko na batoni ya sauti, lakini ukishusha sana nota zinaanza kukosa, ugonjwa ule ule wa kwako, juu sumaku inapaswa kushinda uzito wa tushi na kila tushi yenye kukwama inabakia nyuma. Dawa ni kulainisha mashine kwanza. Tofauti yake ya kweli ni ile ya modeli zenye baa inayozuia nyundo zisifike kwa nyuzi, unasikiliza kwa kaske. Hiyo pianola haiwezi. Lakini siku ya delestaje tuone nani atapiga, na nani atakaa giza na sumaku zake.

Kwa hiyo mama, jumamosi hii mbele ya kuita fundi yeyote, chomoa motere, uzibe tiyo yake na tape ili hewa isipotee pale, na umwambie bwana yako akanyage kwa miguu. Chagua rulo ya wimbo wa pole. Rulo za dansi za miaka ya 1920 zilijazwaka nota nyingi kuliko vidole vya mutu, hizo hata ufanye nini zina kelele. Wakati anakanyaga, weye usikae salo. Nenda kwa bibi, mubebee kitu, ukae naye pale karibu na ukuta dakika tano na umuulize yeye. Kama kwa miguu anasema ni sawa na kwa motere anasema hapana, niandikie namba zilizo kwa kibati cha motere, na kama pale kwenye jaribio la kuhesabu ulifika ngapi.